Mapigo Matatu ya Mlango wa Bati

Kwanza tuelewane: ghorofa ya tano hapakuwa na mtu anayeishi. Kwenye karatasi, lakini. Jengo lilikuwa la ofisi, kibali chake cha ofisi, na ile ghorofa ya juu kabisa iliandikwa ofisi ndogo kumi na nne. Kwamba ndani ya ofisi hizo watu waliugua surua, wakaoana, wakaachana na kurudiana, hiyo ilikuwa siri ya wao wenyewe na ya mwenye jengo, aliyepokea kodi mkononi huku akitazama pembeni kama anatafuta nzi.

Katikati ya mji palikuwa pamekufa, ndiyo sababu. Makampuni yalihamia nje, kwenye maegesho mapana na vioo vya bluu, majengo yakaachiwa njiwa. Nani angepanga ofisi ghorofa ya tano, tena lifti imekwama tangu enzi hizo? Wakapanga waliokosa pa kulala. Na kila baada ya miezi michache watu wa jiji walikuja kukagua kama kuna anayelala ofisini. Kwenye majengo ya jirani, aliyekutwa alitolewa siku hiyohiyo, na godoro lake likamfuata kwa njia ya dirishani.

Hapo ndipo unapomkuta Kengele. Jina lake halisi labda mkewe alilijua, wengine tulilisahau. Alikuwa fundi viatu, anakaa chini penye lango, mgongo wake umeegemea mlango wa bati wa duka lililofungwa. Akiwaona wakaguzi wanashuka garini, aliupiga ule mlango kwa nyundo mara tatu, kama mtu anayehangaika na kisigino kikaidi. Mara tatu, wanakuja. Wakishaondoka alipiga mara moja, wamekwenda.

Mchora ramani ninayetaka kusimulia habari zake alikulia humo, chumba cha mwisho upande wa barabarani, yeye na mama yake. Huyo mama aliitwa Mama Taipu. Zamani alikuwa mchapaji wa wakili mmoja ghorofa ya pili, na wakili alipohama alimwachia taipureta kuukuu iwe kumbukumbu. Kumbukumbu! Ikawa ndiyo ngao ya nyumba. Mapigo matatu yakilia, godoro lilikunjwa likaingia nyuma ya kabati la mafaili. Jiko la mafuta, droo ya chini. Sufuria, droo ya pili, pamoja na mchuzi wake. Nguo zilikaa siku zote kwenye maboksi yaliyoandikwa KESI ZILIZOKWISHA. Kisha taipureta ikapanda mezani, miwani ikapanda puani, na mtoto akaketi kwenye benchi, karatasi mkononi, uso wa huzuni.

Mtoto ndiye aliyekuwa mteja.

“Wewe umefuata nini hapa?” mkaguzi angeuliza.

“Nimeleta barua ya mjomba ichapwe.”

Na kulikuwa na sharti moja ambalo Mama Taipu hakulifanyia mzaha: kati ya pigo la tatu na lile moja la mwisho, mtoto asithubutu kumwita mama. Yeye ni mchapaji, mtoto ni mteja, hawajuani. Aliwahi kuteleza mara moja, akiwa na miaka sita. Mkaguzi hakusikia, lakini kofi alilolipata lilimkaa kichwani kuliko masomo yote ya shule. Muda wao wa kawaida ulikuwa dakika sita, kwa saa ya mkononi. Siku walipomaliza kwa dakika nne na nusu, Mama Taipu alimkaangia yai zima peke yake.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sawa, wahenga, lakini nyinyi hamkuwahi kupanga ghorofa ya tano.

Miaka ikaenda. Mtoto akasomea uchoraji wa ramani za majengo, akaoa, akahamia mtaa mwingine, vyumba viwili vya kupanga, yeye na mke na watoto wawili. Mama hakutaka kuhama. “Nyumba yangu ni hii,” alisema, “na ngazi hizi ndizo zinazonizuia nisizeeke.” Magoti yake yalisema vingine, ila magoti hayakuulizwa.

Halafu, ghafla bin vuu, katikati ya mji pakapendwa tena. Mara mitaa ikatandikwa matofali mapya, mara miti ikapandwa na kuzungushiwa vyuma, mara pakafunguliwa mgahawa unaouza kahawa kwenye kikombe cha kunyweshea kasuku. Vijana wenye kazi nzuri wamechoka foleni, wanataka kulala karibu na ofisi. Kampuni moja ikalinunua lile jengo kuukuu, iligeuze la makazi, fleti juu mpaka chini. Na kazi ya kulichora upya ikaangukia ofisi gani? Ileile aliyoajiriwa mchora ramani wetu. Dunia hii ndogo, jamani, tena ina kisirani.

Bosi wake, msanifu mwenyewe, alikuwa mwanamke mwenye haki. Nalisema hilo mapema ili usije ukamtafuta mbaya mahali asipokuwepo. Alikusanya watu wake akawaambia: “Jiji limetoa sharti, na mimi nimelipenda. Atakayekutwa anaishi ndani ya jengo siku ya kuhesabiwa, atapewa fleti humohumo likikamilika, kwa kodi yake ya zamani. Tunasikia ghorofa ya tano kuna watu. Tuwachoree vizuri.”

Mchora ramani alihisi machozi yanamjia, akajifanya anatafuta penseli.

Alichora fleti ndogo kumi na nne, na ile ya kumi na nne aliichora kama anayeshona nguo ya kumvisha mtu anayemjua kipimo. Mlango mpana usio na kizingiti. Bomba la kushikia bafuni, kwa ajili ya magoti. Jiko lenye dirisha lake, mchuzi usiingie tena kwenye droo. Upande wa barabarani akapanua dirisha, na chini yake akachora meza.

“Meza hii mbona umeing’ang’ania hapa?” bosi aliuliza.

“Mwanga, bosi. Meza inataka mwanga.”

Ungetegemea aseme: hapa anakaa mama yangu. Hakusema. Aliogopa wataona anajipendelea, aliogopa kuondolewa kwenye kazi ile. Akamficha mama yake pale ofisini kwa ustadi uleule aliofundishwa na mama yake. Hata dakika nne hazikufika.

Siku ya kuhesabu ilikuwa siri. Kampuni iliogopa kwamba tarehe ikijulikana, kila mlango utajazwa mashemeji na mabinamu. Ila mchora ramani aliambiwa, maana wahesabuji walihitaji ramani za vyumba, naye akala kiapo cha kufunga mdomo. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Katikati ya hizo siku tisa kulikuwa na Jumapili, na Jumapili alikula kwa mama yake, kama kawaida.

“Nasikia tumeuzwa,” Mama Taipu alisema akimwongezea mchuzi. “Watu wana wasiwasi huku juu. Kengele anakesha na nyundo mkononi. Wewe uko kwenye mambo hayohayo ya majumba, hujasikia kitu?”

“Sijasikia kitu, mama.”

“Kweli?”

“Kweli. Wewe usijali, mambo yatakuwa mazuri.”

Alimdanganya na chakula chake kikiwa mdomoni. Na moyoni alijipa haki, kama tunavyojipa wote. Anayeishi mahali si ataonekana tu anaishi? Kaya kumi na nne, mapazia, harufu ya vitunguu, kanga kwenye kamba, nani mwenye macho atayakosa hayo? Akimwambia mama, mama atamwambia fundi cherehani wa chumba cha tatu, na fundi cherehani hana breki. Bora anyamaze. Alikuwa ameondoka pale miaka kumi na mitano, akasahau jinsi watu wale walivyokuwa hodari.

Siku ikafika. Wahesabuji watatu walikwenda asubuhi na vizibao vyao vya rangi ya chungwa, wakarudi ofisini saa sita mchana wakicheka.

“Kazi nyepesi kuliko zote mwaka huu,” kiongozi wao alisema akibwaga fomu mezani. “Ghorofa ya tano haishi mtu.”

Mchora ramani naye alicheka, akidhani ni utani. “Acha masihara.”

“Masihara gani? Tumefungua mlango mmoja mmoja. Ofisi tupu. Kuna fundi cherehani, kuna mpiga picha za paspoti, kuna bwana mmoja anasema ni wakala wa bima. Kila mmoja ameandika anakoishi na akasaini. Na kuna bibi mmoja, wee, bado anatumia taipureta! Tumempiga picha. Hata mteja alikuwa naye, kijana wa chumba cha jirani sijui, amekaa kwenye benchi na karatasi yake.”

Mchora ramani akaacha kucheka. “Pale chini langoni,” aliuliza, “kulikuwa na fundi viatu?”

“Alikuwepo. Anagongagonga kisigino huko. Unamjua?”

Mchora ramani alishainamia fomu. Alikuwa anaitafuta fomu ya kumi na nne. Akaipata, na mwandiko akautambua kabla ya kuusoma, ule mwandiko ulionyooka wa mtu aliyefunzwa kazi za ofisi. *Matumizi ya chumba: uchapaji wa barua. Unaishi wapi: kwa mwanangu.* Chini yake ikafuata anwani ya vyumba vyake viwili, mtaa na namba ya nyumba, bila kosa hata la nukta.

“Huyo bibi ana maringo,” kiongozi wa wahesabuji aliendelea. “Anasema mwanawe ni mchora ramani, ana nyumba kubwa mpaka vyumba vingine anavisahau. Labda unamfahamu, si ni mwenzako wa fani?”

Mchora ramani akaingia kwa bosi bila kubisha hodi. Akamwaga yote, mapigo matatu, droo, maboksi, benchi. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kichwani.

“Kaka yangu,” alisema, “kwa nini hukuniambia mama yako anaishi pale?”

Mchora ramani aliikunja fomu, akaikunjua.

“Miezi minne tumekaa meza moja. Ungeniambia, ningeuliza wanavyoishi, ningejua namna ya kuwahesabu. Sasa wahesabuji walishazituma fomu jiji kwa simu kutoka kulekule jengoni, kumi na nne, zimesainiwa na wenyewe. Nikiwaandikia leo kwamba waliosaini walidanganya, na shahidi wangu ni mtoto wa mmoja wao, tena ndiye aliyechora fleti yake, watasemaje?”

“Basi wahesabuji warudi.”

“Nitaomba.” Na aliomba kweli, mbele yake, kwa simu. Jibu lilikuja kabla ya jioni. Hesabu ni moja. Wakaguzi wa jiji wamekagua sakafu ile miaka thelathini na mitano, na kwenye ripoti zao zote hajawahi kukutwa mtu anayelala humo. Ripoti za miaka thelathini na mitano! Kila moja Mama Taipu aliishinda kwa dakika zake sita.

Mchora ramani alipanda zile ngazi jioni hiyo. Alikuta korido nzima ina sherehe. Majiko yametoka kwenye droo, chai inachemka, Kengele ameketishwa kwenye kiti kama bwana harusi, nyundo mapajani.

“Baba, umekosa uhondo!” Mama Taipu alimpokea kwa mikono miwili. “Dakika tano! Na magoti haya! Hawakuona hata kijiko. Wakaniomba na picha, mimi huyo, nikawawekea na tabasamu.”

“Mama, naomba tuingie ndani.”

“Ndani kufanya nini? Sema hapahapa, sisi ni wamoja.”

Akasema. Alisema yote huku akiitazama sakafu, na chai ikachemka ikafurika, asitokee wa kuiepua. Fundi cherehani ndiye alikuwa wa kwanza kuelewa, akakaa chini palepale alipokuwa amesimama. Kengele aliitazama nyundo yake, akaiweka sakafuni taratibu, akashuka ngazi bila kuaga.

“Ulijua siku?” Mama Taipu aliuliza.

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Siku tisa.”

“Basi Jumapili ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua, mama.”

“Nilikuuliza.”

“Uliniuliza.”

Mama Taipu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. “Nilikufundisha kuwaficha wakaguzi,” alisema. “Wakaguzi, mwanangu. Sikukufundisha kunificha mimi.”

“Tutakwenda kwangu, mama. Mimi nipo.”

“Ndiyo. Nimeshaandika kwamba ndiko ninakoishi.”

Wakatolewa kabla ya mwezi kwisha, kila mmoja na maboksi yake. Ofisini ikaamuliwa kwamba maadamu hakuna wakazi wa kuwarudisha, fleti ndogo kumi na nne hazina maana, ghorofa ya tano iwe fleti nne kubwa za wenye nafasi. Nani afute kuta? Mchora ramani. Alifuta kuta kumi kwa asubuhi moja. Bomba la bafuni likaenda, mlango mpana ukaenda, meza ya dirishani ikaenda. Pale mama yake alipokuwa akikunja godoro, alichora kitanda cha watu wawili na mito miwili juu yake. Maana sasa kulala humo ni ruhusa.

Na mabati ya kuzungushia ujenzi yalipowekwa, yakabandikwa picha kubwa yenye kimo cha lori. Ilikuwa ya bibi mwenye miwani, vidole juu ya taipureta, anatabasamu. *ISHI PENYE HISTORIA*, wameandika chini yake. Kila asubuhi mchora ramani alizunguka mtaa wa nyuma ili asikutane na mama yake akienda kazini.

Nyumbani nako kulikuwa na lake. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa masharti. Vyumba viwili, watu wanne, wa tano ni notisi. Alisema tangi la maji halimjui shangazi wala bibi. Mchora ramani alimwahidi mama yake kutafuta kwingine, akatafuta, na huko katikati ya mji palipofufuka bei zilikuwa zimewafukuza hata wenye mitaa ya jirani. Mama Taipu alilala chumba cha mbele, godoro chini. Alijibu salamu, alipika, alicheka na wajukuu. Kwa mwanawe hakuwa na neno lililozidi “chakula tayari.”

Jumamosi moja, watoto wako kwenye masomo ya ziada, mkewe anafua uani, mchora ramani amekaa anasoma bili ya maji. Mara akasikia beseni likigongwa. Mara tatu.

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mkewe ameshafundishwa.

Mama Taipu alisimama kama msichana. Godoro likakunjwa, nyuma ya kabati. Kanga na nguo za kulalia, ndani ya boksi, na boksi lilikuwa lilelile la KESI ZILIZOKWISHA. Taipureta ikapanda mezani, miwani puani. Hakumtazama mwanawe, alinyoosha kidole tu kuelekea benchi la watoto karibu na mlango. Na mwanamume yule wa miaka arobaini na kasoro, mwenye ndevu na kazi ya ofisini, akaenda akaketi, magoti yamemfika kifuani, bili ya maji mkononi. Uso wa huzuni haukuhitaji kutafutwa.

Mwenye nyumba aliingia na funguo zake. Akatazama huku, akatazama huku.

“Huyu mama nani?”

Mchora ramani alifungua mdomo, lakini mama yake alimtangulia.

“Mimi mchapaji tu, baba. Nimeitwa kumchapia bwana huyu barua. Namalizia, naondoka.”

“Unakaa wapi?”

“Kwa mwanangu.”

“Una bahati, mama. Watoto wa siku hizi.”

“Sana. Mwanangu ni mchora ramani. Ana nyumba kubwa, amenipa chumba chenye dirisha la barabarani.”

Mwenye nyumba akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachungulia chumba cha pili, akatoka. Huko uani wakamsikia ameanza mazungumzo ya tangi la maji na mke wa mchora ramani, na mazungumzo yale hayakuwa na haraka. Mama Taipu alikuwa anachapa. Taipureta haikuwa na utepe wa wino tangu miaka ile, karatasi ilikuwa inatoka nyeupe pe, lakini vidole vilikwenda mbio kama kuna wakili anasubiri.

Mchora ramani alishindwa kuvumilia. “Mama,” alisema kwa sauti ya chini. “Mama, nisamehe.”

Hakuinua macho. “Bado hajaondoka,” alisema.

Akangoja kwenye benchi lake. Lango likafunguliwa, likafungwa. Uani beseni likagongwa mara moja.

“Mama,” akaita tena.

Mama Taipu alifika mwisho wa mstari, akairudisha karatasi mwanzo, akaendelea kuchapa.